Kufuli Lililoandika Jina la Yaya

Nani alizima umeme wa nyumba yetu Jumapili ile asubuhi, wakati vifaa vinne vya viwanda vinne tofauti vilikuwa vinaomba, kila kimoja kwa lugha yake, visizimwe? Swali hilo nilikaa nalo muda mrefu. Nililiuliza nyumbani, nikaliuliza kwa simu, nikawaandikia hata watu wa viwanda viwili. Kiwanda kimoja hakikujibu. Kingine kilinishukuru kwa kuchagua bidhaa yake.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu kwetu Bunia, mashariki ya Kongo, mambo ya kompyuta, na kazi sikuwa nayo. Nilikuwa na tabia ambayo mama yangu aliiita ugonjwa: sikuweza kuambiwa jambo bila kuuliza nani alilisema, alilijuaje, na atapata nini nikimwamini. Mtu mwenye tabia hiyo akikaa nyumbani bila kazi, hupewa vifaa vya kutunza.

Vifaa vilikuwa vya kaka yangu mkubwa. Anaishi nchi ya baridi, anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, na tangu baba yetu afariki alikuwa hapati usingizi kwa kumfikiria Mama peke yake katika nyumba yetu ya mtaa wa Saio. Si kwamba Mama alikuwa peke yake; mimi nilikuwepo. Lakini machoni pa kaka mimi, dada yake mdogo, sikuhesabika kuwa ulinzi. Basi akanunua ulinzi. Kufuli la namba lilikuja ndani ya sanduku la msafiri aliyetoka Dubai. Taa zinazowashwa kwa simu zilipitia Kampala. Kamera mbili, moja ya langoni na moja ya barazani inayotazama ua, zilitoka mji wa Ariwara pamoja na fundi aliyejua kuzifunga. Mashine ya sola, ile inayogeuza umeme wa betri uwe umeme wa nyumba, tulikuwa nayo tangu zamani. Kaka aliiongezea tu kijiti kidogo cha kuiunganisha na mtandao, ili ajue hata betri yetu imejaa kiasi gani.

Fundi alikaa kwetu siku mbili. Alipomaliza, alimwonyesha Mama simu yangu yenye picha ya ua wetu.

"Unaona, Mama? Sasa mutoto wako atakuona kila siku, kama vile anakaa hapa."

"Atakuwa ananiona," Mama alisema. "Na miye nitakuwa ninamuona?"

Fundi akacheka. "Hapana, Mama. Ile inaangalia upande moya tu."

Mama hakucheka. Tangu wiki ile ya kwanza kaka alianza kupiga simu kwa mambo ambayo zamani hakuyajua na hayakumdhuru. Mama, mbona umekaa kwenye jua? Mama, mbona umebeba ndoo, Yaya yuko wapi? Yule aliyekuja na mfuko wa kijani ni nani, na mbona alikaa sana? Mama akawa anafunga kitambaa kichwani kabla ya kutoka kwenda kuanika nguo zake mwenyewe, uani kwake mwenyewe.

Yaya alikuwa mwanamke aliyetusaidia kazi za nyumba. Tulimwita Yaya kama tunavyomwita kila aliyetutangulia kuzaliwa. Alinizidi labda miaka kumi na mitano. Alitoka upande wa Bambu, na kule, baada ya vita, hakukuwa tena na nyumba ya kurudia. Alilala katika chumba kidogo nyuma ya jiko letu. Jumapili ilikuwa siku yake: alitoka mapema kwenda kwa dada yake, upande mwingine wa mji, akarudi jioni. Chumba kile na kazi ile ndivyo alivyokuwa navyo. Nasema hivyo mapema kwa sababu wakati ule nilikuwa nalijua vizuri, na bado nikafanya nilichofanya.

Kila mmoja wetu alikuwa na namba yake ya kufungulia mlango: Mama, mimi, Yaya, na namba moja ya wageni. Ukibonyeza namba yako, kufuli linaandika jina lako na saa. Kaka alipenda sana jambo hilo. Mimi sikulipenda, lakini sikuwa nimefikiri vizuri kwa nini.

Kisha kaka akasoma mahali fulani kwamba kamera za aina yetu zinaweza kuingiliwa na watu wa mbali, na kwamba dawa yake ni kusasisha programu ya ndani. Akaniandikia: sasisha vyote, mwezi huu.

Programu ya ndani si ile unayoiona kwenye simu. Ni ile inayokaa ndani ya kifaa chenyewe na kukiambia kuwa wewe ni kamera, au wewe ni taa. Kuisasisha maana yake ni kuifuta na kuandika nyingine mahali pake, na kwa dakika kadhaa kifaa hakijui ni nini. Ndiyo sababu kinaandika: usizime umeme. Mimi nilitaka kujua nani anaandika hiyo nyingine. Kila toleo jipya lilijieleza kwa maneno yaleyale: tumeboresha utendaji, tumerekebisha kasoro. Kasoro gani? Kama walijua ipo, kwa nini walituuzia? Na kama hawakujua, waliijuaje sasa, walikuwa wanatazama wapi?

Nilianza kuchunguza na kila nilichokuta kiliniongezea mashaka. Vifaa vinne vilitaka programu nne kwenye simu, akaunti nne, maneno manne ya siri. Taa ya jikoni ilikataa kusasishwa mpaka niiruhusu ijue mahali nilipo. Taa, ya jikoni, ambayo haijawahi kwenda popote. Maelezo ya kamera yalikuwa ya Kichina, na nilipoyapitisha kwenye tafsiri yalisema "nyumba ya furaha imeongezwa," jambo ambalo sijaelewa hadi leo. Kiwanda cha kijiti cha sola kilidai kwamba kijiti cha namba yetu hakijawahi kutengenezwa. Kufuli peke yake lilionekana la heshima: lilikuwa na kisanduku chake cheupe cha kuliunganisha na mtandao, kilichochomekwa ukutani, na kitabu cha kurasa sitini ambacho nilikisoma kurasa nane.

Halafu kuna suala la mega, yaani data ya mtandao. Watu wa kwetu hawaachi kifaa kijisasishe chenyewe. Kila mtu huzima hiyo sehemu mara tu anaponunua simu, maana kifurushi cha wiki nzima kinaweza kuliwa kwa usiku mmoja na kitu ambacho hukukiomba. Vifaa vyetu vilikuwa havijasasishwa tangu vitoke kiwandani. Nilikuwa na matoleo mengi ya kuruka kwa mara moja.

Nikapanga kama mtu aliyesoma. Jumapili kulikuwa na kifurushi cha mega nyingi kinachoisha siku hiyohiyo. Jumapili asubuhi jua linakuwa limeshajaza betri. Jumapili kaka alikuwa analala, ametoka kazini, hivyo asingenisumbua kwa maswali. Na juu ya yote, Jumapili nyumba ilikuwa tupu: Yaya kwa dada yake, mimi na Mama kanisani kwa saa tatu nzima. Hakungekuwa na mkono wa mtu wa kugusa swichi. Nilipanga vifaa vyote vianze saa nne kamili.

Kanisani Mama hukaa mbele na kundi lake la wamama, wote wamevaa kitenge cha aina moja. Hutoka na kuingia. Kuna wageni wa kuandaliwa chai, kuna viti vya kuongeza. Mimi hukaa nyuma karibu na mlango, mahali ambapo mtu anaweza kushika simu bila kumkwaza mtu. Saa nne na dakika tano kamera zilikuwa asilimia thelathini. Taa zilikuwa zimemaliza mbili kati ya sita. Kufuli asilimia arobaini na moja. Mhubiri alikuwa anasema kuhusu uvumilivu. Kufuli asilimia hamsini na nane.

Kisha vyote vikanyamaza. Si kimoja kimoja, vyote. Programu nne kwenye simu yangu ziliandika, kila moja kwa namna yake, kwamba kifaa hakipatikani. Nilisubiri ibada iishe, nikamkuta Mama mlangoni anawaaga wenzake, tukarudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa natembea mbele yake kama mtu anayefukuza mbuzi.

Nyumba ilikuwa na umeme. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Lakini kamera zote mbili zilikuwa zinapepesa taa nyekundu, hazioni kitu, na picha za nyuma kwenye kadi zake zilikuwa zimefutika. Taa nne zilikufa na hazikuamka tena. Nilikwenda kwenye mashine ya sola, ambayo ina kumbukumbu yake yenyewe isiyohitaji mtandao. Saa nne na robo nyumba iliacha kuvuta umeme, yote kwa mara moja. Saa tano na dakika kumi ilianza tena kuvuta. Mashine yenyewe haikuzimika hata sekunde. Betri ilikuwa imejaa. Maana yake moja tu: mkono wa mtu ulishusha swichi kuu, ukasubiri karibu saa nzima, ukaipandisha.

"Mama, kuna mtu alikuja hapa," nilisema.

"Uliza kamera," Mama alisema, akaenda kuvua viatu.

Kufuli linatumia betri zake ndogo, kwa hiyo halikukatika. Kilichokatika ni kile kisanduku cheupe kilichokuwa kinalipitishia programu mpya. Nilisogeza simu mlangoni ili nisome kumbukumbu zake. Za nyuma zote hazikuwepo. Palikuwa na mistari miwili tu. Saa nne na dakika kumi na mbili, mlango umefunguliwa, Yaya. Na mwingine wa dakika ileile tuliyoingia sisi, ambao sikuusoma kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichokitafuta.

Nikapiga picha ya mstari ule wa kwanza, nikamtumia kaka. Kisha ndipo nikakaa kumsubiri Yaya arudi ili nimuulize.

Alirudi saa kumi na moja na fungu la sombe, majani ya muhogo, kutoka kwa dada yake. Kaka alikuwa ameshaamka, ameshaona, ameshapiga mara tatu. Aliomba niweke simu mezani ili aone watu wote. Mama alikaa kitini. Yaya alibaki amesimama, sombe mkononi, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

"Yaya," kaka alisema, "siko nakukasirikia. Niko na swali moya tu. Leo asubuhi ulifika nyumbani, ao haukufika?"

"Sikufika."

"Kufuli inasema ulifika. Saa ine na dakika kumi na mbili."

"Nilikuwa ku dada yangu. Muulize."

"Dada yako atasema nini ingine? Ile mashini haina ndugu. Haina sababu ya kudanganya."

"Na miye niko na sababu gani?"

"Njo swali lenyewe. Uliingia, ukazima kuran, umeme ya nyumba, kamera zikakufa, ukakaa saa muzima. Kufanya nini?"

Yaya aliitazama simu, si mimi. "Basi uliza ile kufuli niliingia kutafuta nini," alisema. "Kama inajua sana."

Mama aliinamisha uso, akawa anakunja ncha ya kitenge chake.

"Hakuna kitu kilipotea," alisema.

"Mama, aiko mambo ya kupotea. Mutu anazima kamera juu ya nini? Leo anajaribu. Kesho analeta batu." Sauti ya kaka ilipanda, kisha akaishusha. Sikuwa na shaka kwamba anaogopa kweli. Alikuwa kijana mdogo katika ile miaka mibaya ya vita, alikuwa ameona milango ikivunjwa. "Siku ya posho atoke. Dada yangu atatafuta mutu mwingine."

Kwetu siku ya posho ni Jumamosi. Zilibaki siku sita.

"Haendi," Mama alisema.

"Mama."

"Nimesema haendi. Kama weye unataka atoke, kuya umutoshe weye mwenyewe, na mikono yako."

Kaka alinigeukia mimi, kama watu wanavyofanya wakishindwa na Mama. Alisema nibadilishe namba, nifute ya Yaya, na siku ya posho nihakikishe. Simu ikakatika. Yaya akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sombe itakauka," akaenda jikoni.

Nilimfuata Mama chumbani. Nilimwambia kwamba huruma si ushahidi. Nilimwambia kwamba anamtetea kwa sababu amemzoea, na kwamba watu huibiwa na waliowazoea. Maneno haya niliyasema mimi, na leo nikiyaandika naona nilikuwa na raha fulani kuyasema.

"Weye unauliza kila kitu," Mama alinijibu. "Bado hujamaliza kuuliza."

Jumatatu nilifuta namba ya Yaya. Angalau nilijaribu: programu iliniambia nisubiri, kisha ikaniambia nijaribu baadaye. Nikaiacha. Nilishinda siku mbili nikimwangalia Yaya akifanya kazi na kila alichofanya kilionekana kuwa na maana. Kama aliimba, alikuwa anajikaza. Kama hakuimba, alikuwa na hatia. Aliosha sufuria zote za juu ya kabati, ambazo hatuzitumii, na mimi nikafikiri: anaficha kitu, au anaaga.

Jumatano mchana, kabla ya kutoka kwenda mjini kupeleka barua ya kuomba kazi, niliwasha kwenye simu ile taarifa ya kila mlango unapofunguliwa, ambayo tangu mwanzo nilikuwa nimeizima kwa sababu ya kelele zake. Niliporudi, Yaya alikuwa amekaa barazani na ungo wa maharage mapajani, anachambua. Hatukusalimiana vizuri. Nikabonyeza namba yangu mlangoni, mlango ukafunguka, simu yangu ikalia mfukoni. Nikaitoa bila kufikiri. Iliandika: mlango umefunguliwa, Yaya.

Nilisimama pale na mlango wazi.

"Iko nini?" Yaya aliuliza.

"Hujagusa mlango?"

Aliinua mikono yake miwili, yote ina vumbi la maharage.

Nikafunga. Nikafungua tena kwa namba yangu. Yaya. Nikafunga, nikatumia namba ya Mama. Yaya. Nikatumia namba ya wageni, ambayo haijawahi kutumiwa na mtu yeyote tangu fundi aondoke. Yaya. Nilirudi kwenye ile mistari miwili ya Jumapili na kuusoma ule wa pili kwa mara ya kwanza, wa dakika ile mimi mwenyewe niliyofungua mlango tulipotoka kanisani, Mama yuko nyuma yangu. Yaya.

Hapo ndipo nilipoelewa, na ilinichukua dakika moja tu, baada ya siku tatu za kutokutaka. Programu mpya ilikuwa imekatwa katikati. Kufuli lilikuwa limekumbuka namba zote lakini majina lilikuwa limeshayafuta tangu saa nne, kabla ya kukatwa, isipokuwa jina moja, la mwisho kuandikwa siku fundi alipotuandikisha. Kila aliyeingia, hata angekuwa mwizi mwenye namba ya kubahatisha, angeitwa Yaya.

Nilimweleza palepale. Alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kutoa mawe kwenye maharage.

"Kwa hiyo ilisahau majina ya benye nyumba," alisema, "ikakumbuka la kwangu."

"Ndiyo."

"Inafanana na batu." Akatupa jiwe moja uani. "Sasa utaita kaka yako?"

Nilimpigia. Mwanzo alidhani nimefanya hila ili kumfurahisha Mama. Nikashika simu mkono mmoja ili aone kufuli, nikamwomba Mama afungue mbele yake, kisha mimi, kisha jirani yetu mama mzee aliyekuwa amekuja kuomba chumvi, ambaye hakuelewa kwa nini anabonyezeshwa mlango mara mbili. Kila mara ujumbe ulimfikia kaka hukohuko aliko, na kila mara uliandika jina lilelile. Jirani alipofungua kwa mara ya pili kaka alisema, "Basi. Inatosha."

Kisha akasema, "Yaya, unisamehe."

"Nimesikia," Yaya alisema.

Nilijua tofauti ya kusikia na kusamehe. Mimi nilimwomba msamaha siku iliyofuata jikoni, kwa maneno mengi mno. Aliniuliza kama nitamsaidia kutwanga sombe ama nitaendelea kusimama. Nikatwanga. Siku ya posho ikapita na yeye akaenda sokoni kama kawaida. Lakini namba yake hakuitumia tena kamwe. Nilipanga kufuli upya, nikaandika majina yote upya, nikampa namba mpya kwenye karatasi; karatasi ile niliiona miezi baadaye imewekwa chini ya mguu wa meza ya jikoni ili isiyumbe. Akitaka kuingia alibisha hodi, hata akiwa na ndoo ya maji kichwani, na akasubiri mmoja wetu afungue.

Kwa hiyo kufuli halikuwa shahidi. Lakini mashine ya sola haikuwa imepoteza kumbukumbu yake, na swali langu lilibaki palepale: mtu aliingia, mtu alishusha swichi. Nilifungua michoro ya mashine ya wiki zilizopita. Kila siku umeme wa nyumba unachorwa kama mlima mdogo. Nikaona kwamba kila Jumapili mlima ule ulikuwa na shimo. Saa nne na kitu mpaka saa tano na kitu, hakuna kitu. Jumapili ya wiki iliyotangulia, na iliyotangulia hiyo, miezi mingi kurudi nyuma.

Nilimpelekea Mama simu. Alikuwa anashona kifungo.

"Kila Jumapili, Mama. Angalia. Mtu anazima nyumba yetu kila Jumapili, sisi tuko kanisani."

Aliutazama mchoro muda mfupi. "Pengine mashini nayo inaenda kuomba Mungu," alisema.

"Sifanyi mchezo."

"Na miye sifanyi. Acha bintu bipumzike siku ya Mungu. Biko na macho siku sita zingine."

Sikumsikiliza. Nilimshuku fundi wa Ariwara: nani mwingine aliijua nyumba, swichi na namba ya wageni? Nilimpigia nikamuuliza maswali ya kipolisi, akakata simu. Nilishuku kiwanda cha sola. Nilishuku hata kaka, kwamba ana njia ya kuzima nyumba kutoka kwake ili kutujaribu. Jumapili mbili mfululizo sikwenda kanisani; nilijificha chumbani na simu, nikiangalia mchoro. Hakuja mtu. Umeme haukukatika. Nilichukulia kwamba mwizi ameniona, na kwa kiasi fulani nilikuwa sahihi. Kaka alipotaka tusasishe tena mwezi uliofuata nilimwambia aje asasishe mwenyewe, nikazima sehemu ile katika vifaa vyote. Kamera ya barazani haikupona. Hakuna aliyeleta nyingine.

Nilipata kazi, na kwa kazi hiyo nikahamia Ariwara, kutunza kompyuta za mfanyabiashara mmoja. Swali nilihama nalo. Miaka mitatu ilikuwa imepita nilipomkuta fundi yule sokoni, amekaa nyuma ya meza ya chaja na betri, ameongezeka unene. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Weye njo uliniita mwizi ku telefone," alisema.

Nikamwomba radhi, nikakaa kwenye kreti, nikamweleza habari yote tangu mwanzo: sasisho lililokatika, jina la Yaya, mashimo ya Jumapili. Nilimuuliza kama kweli hakuwa ameacha njia yoyote ya kuizima nyumba kutoka mbali.

Alinishangaa. Alisema hakukuwa na haja ya njia ya mbali. Alisema siku ya kwanza kabisa, yeye yuko juu ya ngazi anafunga kamera ya barazani, mama yangu alikuja chini yake na kumuuliza ni swichi gani inayoyafunga macho yale yote kwa mara moja. Akamwomba aihamishe ukutani, aiweke mahali ambapo mkono wake unafika bila kupanda kiti, kwa sababu Jumapili ana saa moja kati ya chai ya wageni na kufunga ibada, na saa hiyo anapenda kuja kukaa uani kwake, kichwa wazi, bila kuonwa na mtu. Fundi aliihamisha. Anakumbuka vizuri, alisema, kwa sababu mama yangu alimwambia lile ni neno lao watatu, lisifike kwa watoto. Na wa tatu, ambaye alisikia yote na kuitikia, alikuwa Yaya, aliyekuwa ameshika ngazi.